Binti wa Kamanga

Alhamisi, 3 Juni 1999

Daftari hili nimepewa jana na wakili. Jina langu sijaliandika kwenye jalada na siliandiki. Likidondoka njiani, atakayeliokota asijue haraka ni la nani.

Wakili anaitwa Felicitas Bagenda, Mhaya, binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa pili. Kila Jumatano anakaa kwenye chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa kanisa hapa Igogo, Mwanza, anasikiliza waimbaji, wachoraji na wapiga ngoma walioibiwa kazi zao. Bure. Mimi katika maisha yangu sijaona cha bure kisichofungwa kamba kwa nyuma. Miaka kumi na minane nilikuwa karani wa mizani kwenye jineri ya pamba ya ushirika, mpaka wanunuzi binafsi wakaruhusiwa na sisi tukapunguzwa. Mizani ilinifundisha jambo moja: gunia usilotia mkono mpaka kiwikoni lina jiwe ndani. Watu nao ni hivyo hivyo.

Hata hivyo nilikwenda, kwa sababu wiki iliyopita nilipita kwa fundi viatu pale sokoni, nikakuta redio kaseti yake inaimba wimbo wangu. Sisemi unaofanana na wangu. Wangu. Niliutunga mwaka 1994, mama yangu Wilhelmina alipofariki hapa kwangu na nikawa nampeleka ng'ambo ya ziwa, kwao Kamanga, akazikwe. Nilikaa pwani na jeneza tangu asubuhi hadi saa nane nikingoja kivuko, na wimbo ukaja wenyewe, nikimwita mayu, yaani mama:

Kivuko ngoja, usivute kamba,
mayu yuko njiani, anajifunga kanga.
Ngoja, Wilhelmina,
binti wa Kamanga,
alinivusha mgongoni, leo namvusha mimi.

Kwenye kaseti ya fundi viatu anayeimba ni Mayala, manju wa kundi la ngoma la Sengerema. Na anayengojwa na kivuko si mama yangu tena. Anaimba: “Ngoja, Suzana.” Suzana ni mama yake yeye. Niliposikia jina hilo sikusubiri lililofuata, niliondoka na kiatu kimoja hakijashonwa.

Wakili aliniuliza nadai nini. Nikamwambia fedha akae nazo Mayala. Mimi nataka mama yangu arudi mahali pake.

Akanipa daftari. “Mzee Masele, kesi nyingi za nyimbo zinashindwa kwa sababu mwenye wimbo hana karatasi. Andika kila siku. Tarehe, jina la mtu, na alichosema. Hata siku ambayo hakuna kitu, andika hakuna kitu.”

Jumamosi, 5 Juni

Hakuna kitu. Vumbi.

Jumatano, 9 Juni

Leo kanipa karatasi ya kumruhusu aniwakilishe. Nikaisoma mara mbili mbele yake, nikamwambia nitaisoma tena nyumbani. Akacheka. Nilipofika nje nikajiuliza anachochekea ni nini.

Ameniambia pia kwamba sheria ya hakimiliki ipo tangu mwaka sitini na sita, na mpya imeshapitishwa mwaka huu ila bado haijaanza kufanya kazi. Miaka thelathini na mitatu sheria ipo na mimi napiga ngoma mji huu huu, hakuna aliyeniambia. Kwa nini niambiwe sasa?

Ijumaa, 11 Juni

Karatasi nimeipeleka kwa mwalimu mstaafu, kwa katekista na kwa muuza dawa. Wote wamesema haina ubaya. Watu watatu kusema neno moja, hapo ndipo wasiwasi uliponipanda.

Jumamosi, 12 Juni

Nimesaini. Mchawi mpe mwana kulea.

Jumapili, 13 Juni

Baada ya ibada nimemkuta mke wangu Rebeka anakaanga mapanki ya kuuza, yale mabaki ya sangara wa viwandani, kibarazani, huku anaimba. Nikasimama kumsikiliza nikifurahi, mpaka alipofika “Ngoja, Suzana.” Nikampigia kelele hata wateja wakageuka.

“Sasa unagomba nini?” akasema. “Si wimbo wako naimba?”

“Unamwimba mama wa mwizi.”

“Redioni ndivyo unavyoimbwa, baba watoto. Hata mimi sijui nimeushika lini.”

Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mama yangu amekwisha kusahauliwa na mkwewe. Nimeumia sana.

Jumatano, 16 Juni

Wakili kauliza ushahidi. Nani alinisikia mwaka tisini na nne? Kundi langu zima la ngoma. Je, niliwahi kuandika maneno? Hapana. Niliwahi kurekodi? Mazoezi tu, kwenye redio kaseti ya Maige, mpiga ngoma wangu.

Halafu akauliza swali ambalo ningependa asingeliuliza. “Nimesikia kwenu Wasukuma manju hujitaja ndani ya wimbo wake. Kwenye huu mbona hakuna jina lako?”

Ni kweli. Sisi hatuna mhuri, jina ndilo mhuri wetu. Unaimba ubeti wa mwisho unajitaja, wewe, ukoo wako, na kijiji, hata atakayeuiba wimbo ataona aibu kukutaja. Nina nyimbo arobaini na moja na zote zina jina langu isipokuwa huu. Nilimweleza wakili kwamba mtu hawezi kujisifu mbele ya jeneza la mama yake. Wimbo mmoja niliouacha bila jina ndio uliotembea.

Akaandika yote. Kisha akainua macho. “Je, umewahi kuuimba mahali pengine, kwa ajili ya mtu mwingine?”

Nikajibu hapana.

Kuna jambo sijaliandika humu. Halihusiani na kesi.

Ijumaa, 18 Juni

Hakuna kitu. Upepo kutoka ziwani, macho yanawasha.

Jumapili, 20 Juni

Mazoezi ya mashindano ya ngoma ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, yameanza. Leo nilimtazama Maige badala ya kucheza. Tuko pamoja tangu mwaka sabini na tisa. Lakini kaseti ya mazoezi anayo nani? Maige. Shemeji yake anakaa wapi? Sengerema. Wakati wa mapumziko anakaa na nani? Peke yake, anafuta futa ngoma kama mtu mwenye mawazo. Zamani hakuwa hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 23 Juni

Leo sikuwa na miadi na wakili. Nilipita tu mbele ya ukumbi, saa nne asubuhi. Baiskeli nyekundu imeegemezwa ukutani, kiti kimefungwa kwa kamba ya katani. Katika Mwanza nzima kiti hicho ni kimoja tu. Maige!

Nikasimama ng'ambo ya barabara kwa muuza miwa. Baada ya nusu saa Maige akatoka, wakili akamsindikiza hadi mlangoni na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi hajawahi kunishika hivyo.

Sasa naelewa. Wakili wa bure ana wateja wawili kwa wimbo mmoja. Mmoja anamwandikisha daftari kila siku kama mwanafunzi wa darasa la pili, mwingine anampelekea habari. Nilijua gunia hili lina jiwe, ila sikujua ni kubwa kiasi hiki.

Alhamisi, 24 Juni

Niandike kama ilivyokuwa, maana hata hili lisije likapinduliwa.

Watu kumi na saba walikuwepo uwanjani kwenye mazoezi. Nikasimamisha ngoma, nikamwuliza Maige mbele ya wote: “Kaseti ya mazoezi umempa nani?”

“Kaseti iko kwangu, ngosha, kaka yangu. Twende ukaione.”

“Jana saa nne ulikuwa wapi?”

Akanyamaza. Mtu asiye na kosa hujibu haraka, nimeona mara nyingi kwenye mizani. Yeye alinyamaza mpaka watoto waliokuwa wakichezea pembeni nao wakanyamaza.

“Jana nilikuwa na shughuli yangu,” akasema.

“Shughuli ya kumwuza mama yangu.”

Akaweka vijiti juu ya ngoma taratibu, kimoja kando ya kingine. “Mayu Wilhelmina alinipikia ugali miaka kumi na mitano. Ngoma hii ni ya kundi, ibakini nayo. Baiskeli ni yangu.”

Akaondoka anaikokota, hakuipanda. Hakuna aliyeniangalia. Tukajaribu kuendelea na mpigaji mwingine lakini hakuna mguu uliokubali.

Ijumaa, 25 Juni

Hakuna kitu.

Jumamosi, 26 Juni

Hakuna kitu. Rebeka haongei nami ila kwa habari za chumvi na kuni.

Jumatano, 30 Juni

Wakili kamwandikia Mayala barua ya madai. Kanisomea kabla ya kuituma. Nilitafuta neno la kunisaliti ndani yake, sikuliona. Nikamwuliza waziwazi: “Maige alifuata nini hapa?”

“Aliyeingia hapa akitaka siri, anapata siri. Hata wewe, mzee.”

Jibu la kisomi. Nikamwambia basi nitatafuta wakili mwingine. Akasema ninayo haki hiyo, na akanionyesha kwenye karatasi ile niliyosaini mahali palipoandikwa hivyo. Mwalimu, katekista na muuza dawa hawakuniambia.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Ofisi imefungwa.

Ijumaa, 9 Julai

Nimekwenda kwa bwana mmoja anayekaa karibu na mahakama na mashine yake ya kuchapa, anaandikia watu kesi. Kabla sijamaliza kueleza akasema kesi nimeshinda. Nikarudi nyumbani.

Jumapili, 11 Julai

Mazoezi, watu tisa. Vumbi.

Jumatano, 14 Julai

Jibu la Mayala limefika. Wakili kalisoma kwa sauti, nami naliandika neno kwa neno:

“Shikamoo mzee Masele. Barua ya wakili nimeipata. Sina ugomvi na wewe wala siwezi kuwa nao. Mahali wimbo uliponifikia unapajua, na siku unaijua. Mimi Mayala.”

Wakili akaiweka barua mezani, akaizungusha inielekee. “Anamaanisha nini?”

“Anatisha watu.”

“Mzee Masele, nakuuliza mara ya pili. Umewahi kuuimba kwa ajili ya mtu mwingine?”

“Nimekwishajibu.”

Akafunga kalamu. “Jumatano ijayo uje na kaseti yake. Tuisikilize yote, mwanzo hadi mwisho. Hatuwezi kudai kitu ambacho hatujakisikia.”

Kaseti yake? Ninunue mali ya mwizi? Nilimwambia sitainunua. Akasema ataazima.

Jumapili, 18 Julai

Watu sita.

Jumatano, 21 Julai

Naandika nikiwa nimekaa kwenye mawe ufukweni, chini ya Igogo, mchana. Nyumbani siwezi.

Wakili alikuwa na redio kaseti ya katekista. Akabonyeza. Mayala ana sauti nzuri, hilo sijawahi kulikana. Ngoma inaanza pole, halafu kivuko, halafu kamba, halafu mayu anajifunga kanga.

Ngoja, Suzana,
binti wa Kamanga...

Nikasema, “Rudisha.”

Akarudisha. Binti wa Kamanga.

Suzana hakuwa binti wa Kamanga. Suzana alikuwa wa Buchosa, mbali kabisa, na kila mtu Sengerema anajua hivyo. Mtoto wake wa kumzaa ndiye anayeimba, na anakosea kwao mama yake? Mayala hawezi kukosea hilo. Duniani mtu aliyekosea hilo ni mmoja, na alilikosea siku moja.

Basi niliandike sasa lile nililosema halihusiani.

Mwaka 1997, mwezi wa tisa, niliitwa Sengerema kwenye msiba wa Suzana. Nilikwenda na Maige tu, yeye na ngoma moja. Kwetu wimbo wa kilio una nafasi ya jina. Manju akiitwa kwenye msiba humtoa marehemu wake, akamweka marehemu wa wenyeji, ili nao walie. Ndivyo tulivyofundishwa. Nikasimama mbele ya jeneza nikaimba Ngoja, Suzana, na ulimi ukafuata njia yake ya siku zote, nikasema binti wa Kamanga. Nilisikia kosa langu likitoka mdomoni. Wanawake wa upande wa Buchosa wakatazamana. Nilishindwa kurudi nyuma, jeneza lilikuwa linanyanyuliwa.

Baada ya mazishi Mayala alinifuata analia, mtu mzima, manju mwenzangu ambaye tumetukanana kwenye mashindano miaka kumi. Akanishika mkono. “Mzee, leo umemzika mama yangu.” Nami nililia kwa sababu nilikuwa namwona Wilhelmina. Nikamwambia: “Chukua, mwanangu. Wimbo huu sasa ni wa mama yako.”

Nilisema hivyo. Maige alikuwa amesimama hapo, kabeba ngoma begani.

Nilipomaliza kumweleza wakili, yeye hakushangaa. Hapo nikaelewa kwa nini swali lake lile alilirudia, na kwa nini leo hakuhitaji kuliuliza mara ya tatu.

“Ulijua,” nikasema.

“Maige alikuja mwezi wa sita. Alikuja kutoa ushahidi kwamba wimbo ni wako, aliusikia pwani siku ulipotungwa. Akanieleza na ya msiba. Akaniomba nisikwambie kwamba kasema, akataka uyaseme mwenyewe. Alisema, mkubwa akiumbuliwa na mdogo wake, kundi linakufa.”

Sikuweza kumtazama.

“Sikiliza, mzee. Kumpa mfiwa wimbo amlilie mama yake siyo kumpa kaseti auze nchi nzima jina lake likiwa kwenye kasha. Tunaweza kulisimamia hilo. Na hilo kosa lako la Kamanga ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote, hakuna hakimu atakayeuliza nani alitunga. Lakini hakimu akiyasikia ya msiba kwanza kutoka kwa Mayala, na wewe ulisema hapana, hatutashinda hata kilicho chako.”

Miezi miwili natia mkono kwenye magunia ya watu mpaka kiwikoni, ya wakili, ya Maige, hata ya mke wangu, na jiwe lilikuwa kwenye gunia langu. Nyani haoni kundule. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilisema hapana kwa wino huu huu, kwa hiyo na hili liandikwe kwa wino huu huu.

Alhamisi, 22 Julai

Sikutoka nje.

Jumamosi, 24 Julai

Nimemwambia Rebeka. Akaendelea kukaanga.

“Nilijua kuna jambo,” akasema. “Uliporudi kutoka Sengerema mwaka ule ulikuwa na mbuzi waliyokupa wafiwa na huna furaha. Mtu hapewi mbuzi akanuna.”

“Mbona hukusema?”

“Kwani wewe huambiwa? Ukiambiwa unauliza nimetumwa na nani.”

Jumapili, 25 Julai

Nimekwenda kwa Maige. Alikuwa anaziba pancha uani. Nikasimama kwenye uzio kama mgeni.

“Mwangaluka,” nikamsalimia.

“Mwangaluka.” Hakunyanyuka.

Nikamwambia nimekosa. Nikalisema kwa sauti ili na majirani wasikie, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu kumi na saba na haikufaa niombe radhi kwa kunong'ona. Akaendelea kupaka gundi. Mkewe akanitolea kigoda, yeye hakusema nikae.

Mwishowe akasema, “Ngosha, siku ile uliponiuliza nilikuwa wapi, ningejibu. Nilikuwa na jibu zuri sana. Ila lingekuvua nguo mbele ya watoto.”

Nikakaa bila kukaribishwa. Tukajaza upepo tairi pamoja, yeye pampu, mimi nikishika mpira. Hakusema kama atarudi kupiga ngoma.

Jumatano, 28 Julai

Wakili anasema kabla ya mahakama tujaribu maelewano. “Tangulia wewe, kama mtu aliyemzikia mama yake. Mimi nitaleta karatasi baadaye.” Zamani ningeuliza anakwepa nini.

Jumamosi, 31 Julai

Nimevuka. Magugu maji yamefunga gati la Kamanga kama shamba la kabichi, kivuko kikazunguka zunguka mbele yake saa mbili nzima kabla hakijapata njia. Nilitazama pwani ile ile nilikopeleka jeneza. Kando yangu baiskeli nyekundu. Maige hakuwa ameniambia kuwa anakuja, nilimkuta tu ndani ya kivuko.

Mayala alikuwa anatungoja kwenye kibanda cha chai. Amenenepa. Alisimama.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Chai ikaletwa. Nikamwambia, “Ni kweli nilikuambia chukua. Nilimwambia wakili sikusema. Nilidanganya.”

Akaitikia kwa kichwa, akangoja.

“Lakini nilikupa umlilie mama. Sikukupa uweke jina lako.”

“Hilo ni kweli, baba. Mwenye studio aliniuliza mtunzi nani, nikasema ni wimbo wa msiba wa nyumbani. Akasema haiwezekani kasha likae wazi, akaandika langu. Nikaona limependeza.” Akainamisha kichwa. “Nilikosa hapo.”

“Na Kamanga? Mama yako si wa Buchosa?”

Hapo alinitazama kama nimemtukana. “Najua mama yangu alikozaliwa. Mama zangu wadogo, dada zake, mpaka leo wamenuna. Kila nikiimba wananiambia Mayala, rekebisha. Nawaambia, hivyo ndivyo alivyozikwa. Maneno ya aliyemzika mama yangu, mimi ni nani niyabadilishe?”

Mwizi gani anayetunza kosa la mwenye mali miaka miwili? Miezi hii yote nilimwita mwizi, na yeye alikuwa akigombana na mama zake wadogo kwa ajili ya ulimi wangu. Chai yangu ilipoa mbele yangu. Maige ndiye aliyeendelea na mazungumzo, kuhusu bei ya ngozi za ngoma.

Jumatano, 4 Agosti

Tumesaini, chumba nyuma ya ukumbi. Makasha mapya yataandikwa mtunzi ni mimi. Mayala ataendelea kuuimba. Wilhelmina ataimbwa ubeti wa kwanza, Suzana wa pili. Sheria mpya ikianza wakili atautunza wimbo kwenye kumbukumbu pamoja na nyingine arobaini. Nimesoma mara moja tu, nikasaini. Wakili akauliza kama sitaki kwanza kwenda kwa katekista.

Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane. Makundi kumi na moja, vumbi hadi magotini. Kundi la Mayala liliitwa la saba. Kabla ya kuanza akashika kipaza sauti, akasema wimbo huu ni wa mzee wa Igogo, na kwamba mzee mwenyewe aje aimbe majina, yeye hawezi tena.

Haikuwa kwenye makubaliano. Zamani ningesema ni mtego. Nikaingia uwanjani, na nikasikia ngoma nyuma yangu ikibadilika, ikapigwa kwa mkono ninaoujua tangu mwaka sabini na tisa. Maige alikuwa amemwomba mpigaji wa Sengerema ampishe.

Ngoja, Wilhelmina, binti wa Kamanga. Watu wakaitikia. Miaka mitano tangu nimlilie vizuri.

Ukaja ubeti wa pili. Mayala alinitazama, na niliona midomo yake imekwisha kujiandaa kwa kosa langu.

Nikaimba: Ngoja, Suzana, binti wa Buchosa.

Kulikuwa na wanawake watatu wazee upande wa kulia, niliowaona siku ile msibani Sengerema, wamefunga vitambaa vya aina moja. Mmoja akapiga kigelegele peke yake, kikakatika katikati, akajifunika uso kwa kanga. Mayala aliacha kucheza. Alisimama tu katikati ya vumbi, mikono imening'inia, mpaka wimbo ukaisha.

Jumatano, 11 Agosti

Wakili anataka daftari likae ndani ya faili la wimbo, maana hiyo ndiyo karatasi aliyonitaka niwe nayo. Jana nilishika wembe. Kuna kurasa nne ningependa zisisomwe na mtu: ya Rebeka, ya tarehe 16 Juni, na mbili za Maige. Kuna na mistari mingi inayomhusu wakili mwenyewe, naye ndiye wa kwanza atakayeisoma. Nikarudisha wembe dirishani.

Zote zipo, wakili. Ulisema tarehe, jina la mtu, na alichosema. Niliyoyasema mimi pia yamo.

Jina langu nimeliandika kwenye jalada asubuhi hii, Rebeka akinishikia daftari lisiteleze. Na kwa kuwa manju hujitaja kwenye ubeti wa mwisho: ni mimi, Yakobo Masele wa Igogo, karani wa mizani, mwana wa Wilhelmina, binti wa Kamanga.